Kinyonga jike anapokaribia kutaga: mahitaji yake, dalili za hatari na la kufanya

Kinyonga jike akishuka mtini na kuanza kutambaa ardhini mchana kweupe, watu wengi hapa pwani hudhani ni mgonjwa, au ni dalili mbaya kwa wenye nyumba. Wengine huokota jiwe. Wapo pia wanaosema kwamba kinyonga hupasuka tumbo akizaa, kwa hiyo akishuka chini amekuja kufa tu.

Ukweli ni mwingine. Mara nyingi kinyonga huyo ana mayai tumboni na anatafuta udongo wa kuchimba. Hapasuki. Akipata udongo wenye unyevu, kina cha kutosha na utulivu, hutaga, hufukia na kurudi mtini. Kinachomuua ni kukosa mahali pa kutagia. Jike anayekosa udongo unaofaa anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi yakamdhuru, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtunzaji wa kinyonga anapaswa kulijua.

Mwongozo huu ni wa watu wa aina mbili: wanaotunza vinyonga kwa kibali, wakiwemo jamaa zetu walio ng'ambo ambako mnyama huyu hufugwa nyumbani, na mwenye shamba au ua ambaye atamkuta jike akichimba chini ya mkorosho wake.

Ni kinyonga yupi?

Kinyonga, au lumbwi kama wazee wengine wanavyomwita, ana aina nyingi, na si wote wanaotaga mayai. Anayeonekana sana mashambani na vichakani kwetu, Kwale hadi Lamu, ni yule mwenye mikunjo ya ngozi nyuma ya kichwa, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Huyu hutaga. Jike mmoja huweza kutaga mayai kumi hadi arobaini au zaidi kwa mara moja, akayafukia ardhini.

Kinyonga wa pembe tatu wa nyanda za juu, anayepatikana maeneo ya Nairobi na Mlima Kenya, hatagi. Hubeba watoto tumboni kwa miezi kadhaa kisha huwazaa wakiwa hai. Ukiwa naye huyo, huna haja ya kumwandalia udongo wa kutagia, na usishtuke ukimwona amenenepa muda mrefu bila kuchimba.

Nje ya nchi, wanaofugwa zaidi ni wawili: kinyonga wa Yemen (Chamaeleo calyptratus), mwenye upanga mrefu kichwani, ambaye asili yake ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudi Arabia, na kinyonga wa Madagascar (Furcifer pardalis), anayejulikana kwa rangi zake. Wote wawili hutaga, na maelezo yaliyo hapa chini yanawahusu pia.

Sheria kwanza

Humu nchini, kinyonga ni mnyamapori kama walivyo kobe na chatu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumkamata na kumfuga mnyamapori nyumbani bila kibali, na vibali hivyo hushughulikiwa na KWS. Biashara ya kimataifa ya vinyonga nayo imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES. Kwa hiyo usimtoe jike shambani ukampeleka nyumbani eti umsaidie kutaga. Kumhamisha humtia hofu, na kinyonga mwenye hofu ndiye anayeahirisha kutaga.

Dalili kwamba ana mayai

Tumbo hupanuka pande zote mbili. Akikaribia kutaga, unaweza kuona vijivimbe vidogo ubavuni, kana kwamba amemeza maharagwe. Hiyo ni alama ya mayai yanayosukuma ngozi.

Rangi na tabia hubadilika. Jike aliyekwisha kupandwa humkataa dume: hujaza upepo mwilini, huachama mdomo, hutoa sauti ya kufoka na kuwa mweusi zaidi. Jike wa kinyonga wa Yemen hupata rangi ya kijani kibichi kilichokolea yenye madoa ya njano na buluu. Ukiona hivyo, mtenganishe na dume mara moja. Kumwacha dume aendelee kumsumbua ni kumchosha bure.

Kumbuka pia kwamba jike anaweza kutaga bila kuwahi kuonana na dume, kama kuku wa mayai anavyotaga bila jogoo. Mayai hayo hayana watoto, lakini kazi ya kuyatoa ni ileile na hatari ni ileile. Vilevile jike aliyepandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini na kutaga tena baadaye bila kupandwa upya. Kwa hiyo mwenye kinyonga jike aliyekomaa awe na udongo tayari wakati wote, hata kama hana dume.

Kwa kinyonga wa Yemen, kutoka kupandwa hadi kutaga ni kama wiki tatu hadi tano. Aina nyingine hutofautiana, na usitegemee kalenda peke yake. Mwangalie mnyama mwenyewe.

Siku zikikaribia

Siku chache kabla ya kutaga, jike hupunguza kula au huacha kabisa, ingawa bado hunywa maji. Hawezi kutulia. Hutambaa huku na huku kizimbani, hushuka hadi sakafuni, hukwaruza pembeni kwa miguu ya mbele. Hii si ghadhabu wala ugonjwa, anatafuta mahali.

Hapo ndipo watunzaji wengi huharibu mambo. Humwona hali, wakamkamata kila mara kumtazama, wakamlazimisha kula, wakawaita watoto waje wamwone. Kinyonga hapendi kushikwa hata siku ya kawaida. Siku hizi apunguziwe macho na mikono. Ukilazimika kumhamisha, usimshike kwa juu kama mwewe anavyonyakua, wala usimbinye tumbo. Mwekee kijiti au mkono mbele yake, apande mwenyewe.

Chombo cha kutagia

Hiki ndicho kiini cha jambo lote. Chombo si lazima kiwe cha gharama. Ndoo pana ya plastiki ya lita 20, au beseni refu, linatosha kwa kinyonga wa ukubwa wa kawaida. Fuata haya:

Kina. Udongo uwe na kina cha sentimita 30 hivi. Jike huchimba shimo refu, na akigonga plastiki mapema huenda akaliacha shimo na kuanza lingine hadi achoke.

Aina ya udongo. Changanya mchanga wa mtoni uliooshwa na udongo tifutifu wa shamba ambao haujapigwa dawa za wadudu wala mbolea ya dukani. Usitumie mchanga wa ufuoni kwa sababu ya chumvi yake. Mchanga mtupu mkavu haufai pia, kwa kuwa huporomoka na unaweza kumfunika jike akiwa ndani ya shimo.

Unyevu. Chukua konzi ya udongo uifinye. Ikishikamana bila kudondosha maji, iko sawa. Ikimwagika kama unga, ongeza maji. Ikitiririka, imezidi. Njia nyingine ni kutoboa shimo kwa kidole: likisimama bila kubomoka, jike ataweza kuchimba.

Njia na kivuli. Weka vijiti vya kumwezesha kuingia na kutoka. Tundika kitambaa au gunia safi upande wa mbele wa kizimba asione watu wakipita. Kisha ondoka.

Chombo hicho kiwekwe mapema, mara tu unaposhuku kwamba ana mayai. Mara nyingi jike huchunguza udongo siku kadhaa kabla ya kuutumia.

Chakula, maji na jua

Maganda ya mayai hutengenezwa kwa kalsiamu, na jike asipoipata kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa yake. Misuli nayo huhitaji kalsiamu ili isukume mayai. Jike aliyepungukiwa huwa na mifupa laini, hutetemeka, hushika tawi kwa unyonge, na mayai hukwama.

Wadudu anaolishwa, yaani nyenje, panzi na mende waliofugwa kwa usafi, walishwe kwanza mboga za majani na karoti ili wabebe virutubisho. Halafu wanyunyiziwe poda ya kalsiamu kabla ya kumpa. Mwenye kuishi karibu na bahari anaweza kutumia ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufuoni na kuwekewa kasuku. Uloweke na kuuosha vizuri kutoa chumvi, uanike, kisha uusage uwe laini kama poda. Usimpe wadudu waliookotwa mahali palipopulizwa dawa.

Lakini usimshindilie. Jike wa kinyonga wa Yemen anayelishwa kupita kiasi hutengeneza mayai mengi zaidi, na mayai mengi ni mzigo mkubwa zaidi. Mpe chakula cha kutosha, si karamu.

Kalsiamu haifanyi kazi bila vitamini D, na vitamini hiyo kinyonga huitengeneza kwa miale ya jua. Jua la asubuhi linalomfikia moja kwa moja kupitia wavu linafaa. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii, kwa sababu kioo huizuia miale inayohitajika. Wanaofuga ndani ya nyumba katika nchi za baridi hutumia taa maalumu ya miale hiyo. Kwetu hatari kubwa ni joto kupita kiasi. Kizimba kiwe na kivuli wakati wote, na ukimwona ameachama mdomo na kugeuka mweupe, mwondoe juani.

Maji kinyonga hanywi bakulini. Hulamba matone yaliyo kwenye majani. Pulizia majani maji asubuhi na jioni, au toboa tundu dogo chini ya mkebe wa maji uuweke juu ya kizimba uwe ukidondosha pole pole. Jike mwenye mayai huhitaji maji zaidi ya kawaida. Macho yaliyobonyea ndani ni ishara ya kiu.

Anapotaga

Huanza kuchimba kwa miguu ya mbele, akisukuma udongo nyuma. Huweza kuchimba mashimo mawili matatu ya majaribio kabla ya kuridhika. Shimo likikamilika, hugeuka akaingiza sehemu ya nyuma na kuanza kutaga. Kisha hulifukia shimo, hulishindilia kwa miguu na kuliacha. Kazi nzima inaweza kuchukua saa kadhaa, na wakati mwingine mchana na usiku mzima.

Katika muda huo usimtoe hata akionekana kuchoka. Usifukue kuangalia mayai. Usiwashe taa usiku kumchungulia. Jike aliyeshtuliwa katikati ya kazi anaweza kuacha kutaga na mengine yakabaki tumboni. Mchungulie kwa mbali, mara chache, na umwache aondoke mwenyewe.

Mayai yakikwama

Hii ndiyo hali inayoua. Mtafute daktari wa wanyama, hasa aliyezoea wanyama watambaao, ukiona mojawapo ya haya:

Amechimba kwa zaidi ya siku mbili na hajataga, au ametaga machache tu na tumbo bado limejaa.

Amelala sakafuni, hana nguvu za kushika tawi.

Anafumba macho mchana. Kinyonga mzima halali mchana, na hii ni ishara mbaya kwa kinyonga yeyote.

Anajikamua bila kitu kutoka, au kuna kitu chekundu kimechomoza nyuma.

Macho yamebonyea na rangi imefifia au imekuwa nyeusi kwa muda mrefu.

Daktari anaweza kupiga eksirei ili aone mayai mangapi yamebaki na yamekaa vipi. Anaweza kumpa maji na kalsiamu, dawa ya kusaidia misuli kusukuma, au kumpasua iwapo mayai hayawezi kutoka. Dawa ya kusukuma ni hatari ikitolewa kabla ya kujua kama njia iko wazi, na kiasi chake ni kidogo mno kwa mnyama mwenye uzito huu. Kwa hiyo usijaribu nyumbani. Usimkande tumbo, usimmiminie mafuta mdomoni, usimpe dawa za binadamu wala za kuku. Yai likipasukia ndani, kinyonga huyo ana nafasi ndogo ya kupona.

Unapomsubiri daktari, mweke mahali pa kivuli, penye utulivu na chombo cha udongo, umpulizie maji.

Baada ya kutaga

Atatoka amekonda, ubavu umeingia ndani, mwili umejaa udongo na rangi imepauka. Hilo ni la kawaida. Mpe maji mengi kwanza, kisha wadudu wenye kalsiamu kila siku kwa wiki mbili hivi hadi mwili urudi, ndipo umrudishe kwenye kiasi cha kawaida. Asiwekwe na dume kipindi hiki. Asipokula kabisa siku kadhaa baada ya kutaga, au tumbo likibaki limevimba, mrudie daktari.

Ama mayai, ni meupe, laini kama ngozi, na mama hayaatamii. Kwa mwenye kibali cha kuzalisha, yafukuliwe kwa uangalifu pole pole. Kila yai libaki katika upande lilivyokuwa, juu libaki juu. Liwekewe alama ndogo ya penseli laini, kwa maana yai la mtambaazi likigeuzwa, kiumbe kilicho ndani kinaweza kufa. Yapangwe kwenye kopo lenye vamikulaiti yenye unyevu, nusu yakiwa yamezama, mahali pa giza penye joto la nyuzi 24 hadi 28.

Halafu ni subira. Mayai ya kinyonga wa Yemen huchukua takribani miezi sita hadi tisa kuanguliwa, na ya kinyonga wetu wa pwani pia hukaa miezi mingi ardhini. Yai lenye kuvu na lililonywea na kugeuka manjano liondolewe. Vinyonga wadogo hujitegemea tangu siku ya kwanza na huhitaji wadudu wadogo sana. Wasiwekwe na mama, anaweza kuwala.

Ukimkuta shambani

Kwa wengi wetu, hapa ndipo jambo hili litatugusa. Kinyonga hana sumu. Hana miba wala mate ya kudhuru, na anachofanya akitishwa ni kuachama mdomo na kufoka. Anakula panzi na wadudu wengine mchana kutwa bila kumdai mtu chochote.

Ukimkuta jike anachimba, mwache palepale. Mfunge mbwa, wazuie kuku na uwape watoto kazi ya kuwafukuza kunguru kwa mbali hadi amalize. Ukimkuta barabarani, mpandishe kwenye kijiti na umvushe upande aliokuwa akielekea. Akimaliza na kuondoka, simika vijiti vitatu kuzunguka mahali hapo ili jembe lisipite, maana mayai yatakaa hapo msimu hadi msimu.

Ikiwa jembe limeshayafukua, usiyageuze. Chimba shimo la kina kama lile karibu na hapo, penye unyevu na kivuli, yarudishe jinsi yalivyokuwa na uyafukie bila kuyashindilia. Ikiwa ni mahali panapojengwa na hapana pa kuyahamishia, waarifu KWS walio karibu nawe.

Jike aliyeshuka mtini anahitaji udongo na siku moja ya amani. Waambie jirani zako pia, hasa watoto, kabla hawajaokota jiwe.